Maji ya Chupa na Maji ya Mfereji: Kikundi Kinywe Yapi?

SOMO LA VIKUNDI

Lengo la somo: Mwisho wa somo hili wanakikundi waweze kulinganisha gharama ya maji ya chupa na ya mfereji, na wajue namna ya kuyafanya maji yao wenyewe kuwa salama.

Siku hizi vikundi vyetu vimepata desturi mpya. Kukiwa na mkutano mkuu, au mgeni akija kutoka kaunti, mweka hazina anatumwa dukani akanunue maji ya chupa. Chupa zinapangwa mezani mbele ya wageni na viongozi. Wanachama walioketi nyuma wanakunywa maji ya mfereji, na watoto vivyo hivyo. Hapo tumesema jambo bila kufungua mdomo: ya kwamba maji yetu hayafai. Basi kama hayamfai mgeni, yanamfaaje mtoto? Na kama yanafaa, kwa nini tunatoa pesa ya kikundi?

Tupige hesabu

Tuchukue mfano wa chupa ya nusu lita kwa shilingi 50. Lita moja ni shilingi 100. Kwa bei hiyo, mtungi wa lita 20 ni shilingi 2,000! Sasa uliza mtungi huo huo ni pesa ngapi kwenye kioski cha maji cha kwenu.

Kikundi cha watu 20, kila mtu chupa moja kila wiki, kinatumia shilingi 1,000 kwa mkutano mmoja. Kwa wiki 52 za mwaka ni shilingi 52,000. Pesa hizo zingesaidia kurekebisha bomba lililopasuka, au kununua tangi la kuvuna maji ya mvua. Bei za kwenu zikiwa tofauti, ziwekeni na mhesabu upya.

Je, maji ya chupa ni safi zaidi?

Mara nyingi ni safi, lakini si kwa sababu ya chupa. Ni kwa sababu mtu fulani aliyachuja, akayaua vijidudu na akayafunga vizuri. Asipofanya hivyo, chupa haisaidii kitu. Wako walaghai wanaookota chupa tupu, wakajaza maji yoyote na kuuza. Ukilazimika kununua, angalia alama ya ubora ya KEBS na nambari yake, na uhakikishe kifuniko hakijafunguliwa. Ukimaliza kunywa na chupa huihitaji tena, iponde isije ikajazwa.

Maji ya mfereji nayo yanaweza kutoka yakiwa safi yakachafuka njiani: bomba limepasuka, tangi halijaoshwa, mtungi una utelezi ndani, au kikombe kinatumbukizwa na mkono mchafu. Kipindupindu kilichozuka nchini mwetu Oktoba 2022 kiliendelea hadi mwaka uliofuata. Ugonjwa huo huletwa na maji na chakula vilivyochafuliwa na kinyesi. Ukiingia kijijini, chupa ya mwenye pesa haimlindi mtoto wa jirani.

Njia tatu za kuua vijidudu

Maji yakiwa na tope, kwanza yaache yatulie, kisha yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa. Halafu chagua njia moja:

1. Kuchemsha. Maji yachemke kwa mapovu makubwa kwa dakika moja. Sehemu za juu sana, kama Nyandarua, ngojea dakika tatu. Yafunike yapoe.

2. Dawa ya klorini ya maji ya kunywa. Soma maelezo yaliyo kwenye chupa au pakiti, pima sawasawa, koroga, na ungojee nusu saa kabla ya kunywa. Usikisie kipimo.

3. Jua. Hapa ndipo chupa tupu ya plastiki inapopata kazi. Tumia chupa inayoonyesha ndani, isiyozidi lita 2, isiyo na mikwaruzo mingi. Ioshe, ijaze maji maangavu, uifunge, uilaze juu ya mabati kwenye jua kali kwa saa sita. Siku za mawingu iache kwa siku mbili. Mvua ikinyesha mfululizo, chemsha au tumia dawa.

Jihadhari: njia hizi haziondoi chumvi, dawa za shamba wala floridi. Maji mengi ya visima vya Bonde la Ufa yana floridi nyingi, ambayo huharibu meno ya watoto na hata mifupa. Kuchemsha hakusaidii hapo. Dayosisi Katoliki ya Nakuru imetengeneza vichujio vya makaa ya mifupa kwa ajili ya shida hiyo. Maji ya mvua, yakivunwa vizuri, hayana floridi hiyo.

Chupa ya kutumia tena

Wazee wetu walibeba kibuyu. Hawakukitupa baada ya kunywa mara moja, walikiosha, wakakianika. Na sisi tufanye vivyo hivyo. Kila mwanachama awe na chupa yake imara, yenye mdomo mpana unaopitisha brashi. Aioshe kila siku kwa sabuni na maji safi, kisha aianike. Usitumie kamwe chupa iliyowekwa mafuta ya taa au dawa ya shamba, hata ikioshwa mara kumi.

Nyumbani na mkutanoni, weka maji katika chombo chenye kifuniko na bomba dogo chini, ili mkono usiingie ndani. Na chupa mbovu usichome: moshi wake unadhuru mapafu. Kusanyeni pamoja, muwauzie wanaonunua plastiki.

Hatua za kikundi

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Kwa hivyo msiogope kwenda kwa afisa wa afya ya umma au ofisi ya maji ya kaunti kuomba maji yenu yapimwe. Nendeni mkiwa kikundi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Maswali ya kujadiliana

1. Mwaka jana kikundi chetu kilitumia pesa ngapi kununua maji ya chupa? Mweka hazina asome daftari.
2. Kutoka mferejini hadi kikombeni, maji yetu yanaweza kuchafuka wapi?
3. Ni nani atakayetayarisha maji ya mkutano ujao, na kwa njia gani?
4. Tukubaliane: mgeni, mwenyekiti na mtoto watakunywa kutoka chombo kimoja cha maji salama?

Andikeni majibu kwenye kumbukumbu za kikundi, na myasome tena baada ya miezi mitatu muone mmefika wapi.