SOMO LETU: TOPE LA MAJI HUPIMWA KWA MWANGA



Masika yakianza, maji ya mto hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Sote twasema, "Maji yamechafuka." Lakini yamechafuka kiasi gani? Leo tujifunze kupima.

Mwanga unavyofanya kazi

Tazama mwale wa jua unaopenya tundu la paa. Vumbi hung'aa humo, kwa sababu hurusha mwanga pembeni mpaka machoni petu. Majini ni vivyo hivyo. Chembe za udongo zinazoelea hurusha mwanga pembeni.

Wataalamu wa maji wana chombo chenye taa ndogo na jicho la umeme. Taa humulika maji. Jicho hukaa ubavuni na kupima mwanga uliorushwa. Kipimo chake huitwa NTU. Macho yetu huanza kuona ukungu maji yakifika kama NTU 4.

Chombo hiki si mizani. Udongo laini wa mfinyanzi hurusha mwanga mwingi kuliko mchanga wa uzito uleule. Kwa hiyo wataalamu pia huchota maji, huyachuja, hukausha tope na kulipima kwa gramu. Wakilinganisha gramu na namba za chombo mara nyingi, ndipo wanajua mto umebeba udongo kiasi gani.

Tujipimie wenyewe

Gazeti hili litatusaidia.

1. Jaza maji katika chupa ya plastiki isiyo na rangi.
2. Isimamishe juu ya kichwa cha habari chenye herufi kubwa.
3. Chungulia kupitia mdomo wa chupa mpaka chini.

Unasoma? Tope ni chini ya NTU 30 hivi. Husomi? Tope limezidi. Basi yaache maji yatulie katika chombo kilichofunikwa. Mimina yale ya juu, yachuje kwa kitambaa safi, kisha pima tena.

Kwa nini tujisumbue? Vijidudu vya kuhara hujificha katika tope, na tope hupunguza nguvu ya dawa ya klorini. Lakini jihadharini! Maji maangavu nayo yaweza kuwa na vijidudu. Kusoma herufi si ruhusa ya kunywa. Yachemshe, au tia dawa kama ilivyoandikwa kwenye pakiti.

Tope latoka wapi?

Mto Ruvu huanzia milima ya Uluguru, na maji yake hunywewa Dar es Salaam. Mvua ikinyesha kwenye mashamba ya miteremko yasiyo na makinga maji, udongo huteremka nayo. Tope la mtoni ni rutuba ya shamba la mtu. Basi tuchimbe makinga maji, tupande majani kwenye matuta, na tusilime ukingoni mwa mto.

Maswali ya kuzungumza kikundini

1. Kwa nini jicho la chombo hukaa ubavuni?
2. Maji ya kisima chetu yanasomeka?
3. Udongo wa mto wetu unatoka mashamba yapi?