ORDINATERE IKILALA, NANI ATAIAMSHA?

Somo letu la leo liko juu ya usingizi wa ordinatere na wa simu. Wengi wetu tunategemea simu ituamshe asubuhi ya Examen d'Etat. Basi ni vizuri tujue kazi hiyo inafanyika namna gani ndani ya masini.

1. Kulala si kuzimika

Tukifunga ordinatere ya kubeba, kwa kawaida haizimike, inalala tu. Sistemu inasimamisha kwanza programu, halafu vyombo kama kioo na sauti, na mwishoni prosesere yenyewe. Kumbukumbu inabaki na umeme kidogo ili kazi yetu isipotee. Kwa njia hiyo batri inadumu.

2. Saa za namna mbili

Ndani ya ordinatere muko saa za mbio, zenye kuhesabu sehemu ndogo sana za sekunde. Prosesere ikilala, mara nyingi hizo zinalala nayo. Lakini muko pia saa moja ya polepole, yenye kula umeme kidogo sana. Kwa ordinatere nyingi iko na batri yake ndogo ya duara. Kwarzi yake inatetemeka mara 32 768 kwa sekunde. Juu ya nini hesabu hiyo? Mugawanye kwa 2 mara 15, mutapata 1, ni kusema sekunde moja kamili. Saa hiyo haina usingizi. Ilikuwa tayari ndani ya IBM PC/AT ya mwaka 1984, na mtu aliweza kuiandikia saa ya kuamsha.

3. Kuachiana zamu

Programu imeomba iamshwe saa 11 ya alfajiri, na ombi lake liko kwa saa ya mbio. Saa hiyo ikilala, itakuwa kama bweni ambamo mpiga kengele amelala pamoja na wengine. Kengele italia tu wakati masini itaamshwa na jambo lingine, labda saa 3, na egzame imekwisha kuanza.

Dawa ni hii: kabla ya kulala, sistemu inaangalia maombi, inatwaa lile la karibu kuliko yote, inaliandika kwa saa isiyolala. Linux inafanya vile tangu toleo 3.0 la mwaka 2011. Inatenganisha maombi ya kawaida, yenye kungojea mpaka masini iamke, na yale yenye haki ya kuamsha. Kila programu ikipewa haki ile, batri itakufa mbele ya asubuhi.

4. Hatari iko mlangoni

Wakati mubaya ni ule wa kuingia usingizini. Kama imebaki sekunde moja tu, kengele inaweza kupita wakati vyombo vinafungwa, na hakuna wa kuisikia. Njo maana Linux, ikiona ombi la kuamsha liko karibu kuliko sekunde 2, inakataa kulala.

Tena, pengine mtu anapiga simu wakati ule ule masini inajilaza. Tangu mwaka 2010 Linux inaweza kuhesabu matukio ya namna hiyo. Hesabu ikibadilika, usingizi unavunjwa na masini inarudi kazini.

5. Tushike nini?

Anayekwenda kulala aache zamu kwa asiyelala, na asiende kama saa ya kazi imefika. Kwa simu zetu: usiku wa egzame tuziache zilale, tusizizime kabisa, kwa sababu nyingi zikizimwa haziwezi kulia. Na tuangalie batri mbele ya kulala.

Maswali

a) Juu ya nini saa ya mbio haitoshi kuamsha masini?
b) Hesabu: 2 ikizidishwa yenyewe mara 15 ni ngapi?
c) Ni maombi gani ya simu yako yanayostahili kuiamsha usiku?

Doyen wa wanafunzi, mwaka wa mwisho