Masuala ya Dawa ya Sukari na Wajibu wa Kuhakikisha Khabari

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baad. Ndugu zangu Waislamu, somo hili nimeliandika kwa ajili ya suali nililoulizwa mara mbili na mtu mmoja. Mara ya kwanza nililijibu vibaya. Kwa hivyo yanipasa kulijibu mara ya pili mbele ya watu, ili kila aliyeyachukua maneno yangu ya kwanza ayaache.

SUALI

Mtu huyo ana mwana wa miaka 11 asomaye kwangu chuoni, naye ana maradhi ya sukari. Kila siku hudungwa sindano ya dawa iitwayo insulini. Baba yake aliletewa khabari katika simu kwamba dawa hiyo hutolewa katika nguruwe, na kwamba habasoda na maji ya majani fulani yatosha kuwa badali yake. Akanijia baada ya sala ya alasiri akaniambia, "Maalim, dawa hii yafaa?" Nami nikamjibu palepale mlangoni, viatu vyangu mkononi, ya kwamba mwenye kuepuka yenye shaka ameisalimisha dini yake. Neno hilo ni la haki mahali pake. Lakini mimi sikuuliza dawa yatoka wapi, wala mtoto atakuwaje akiikosa.

Akaiacha. Siku ya kwanza mtoto alishikwa na kiu isiyokatika, akawa haishi kwenda haja ndogo. Siku ya pili akatapika. Siku ya tatu alikuwa akivuta pumzi nzito kama mtu aliyekimbia, kinywa chake kikatoa harufu kama ya matunda yaliyoiva mno, wala hakuweza kuinua kichwa. Mama yake ndiye aliyemchukua hospitali, hakungoja ruhusa ya mtu. Mwenyezi Mungu akamhifadhi, akapona. Baba yake akanijia tena, akaniuliza, "Maalim, dhambi yangu ni ipi, kumdunga au kumwachisha?"

JAWABU

Na jawabu yake ina fasili tatu.

Fasili ya kwanza: katika kuijua insulini na asili yake.

Jua, ewe ndugu msomaji, ya kwamba katika tumbo la mwanadamu mna kiungo kiitwacho kongosho. Kiungo hicho hutoa insulini, na kazi yake ni kuifungulia njia sukari iliyo katika damu ili iingie viungoni iwe nguvu. Wako watu ambao kongosho lao haliitoi tena, na wengi wao huanza wakiwa wadogo. Mtu wa namna hii akikosa insulini, mwili wake huanza kuyachoma mafuta yake wenyewe, na damu yake huingia ukali wa kumwua kwa muda wa siku chache. Zamani hapakuwa na la kuwafanyia watoto hawa ila kuwanyima chakula ili waishi kidogo zaidi. Mwaka 1921, katika mji wa Toronto, nchi ya Kanada, Frederick Banting na Charles Best waliitoa insulini katika kongosho la wanyama. Januari 1922 akadungwa mtoto wa miaka 14, jina lake Leonard Thompson, naye akaishi miaka 13 mingine.

Tangu hapo, kwa muda wa miaka kama 60, insulini ilikuwa ikitolewa katika makongosho ya ng'ombe na ya nguruwe yaliyotoka machinjioni. Basi uvumi ule una asili, na uongo wenye asili ya kweli ndio ushikao watu zaidi. Lakini mwaka 1978 wataalamu wa Marekani waliyaunda kwa kemia yale maagizo ambayo kwayo mwili hutengeneza insulini, nayo ndiyo yaitwayo jeni. Hawakuyatoa katika maiti wala katika mnyama. Wakayatia katika vijidudu viitwavyo bakteria, navyo vikawa vikiitengeneza. Mwaka 1982 dawa hiyo ikapewa ruhusa ya kuuzwa huko Marekani. Leo insulini karibu yote itumiwayo duniani hufanywa kwa bakteria au kwa hamira, katika mapipa makubwa, kisha husafishwa.

Na jina lake, insulini ya binadamu, limezusha uvumi wa pili, kwamba yatolewa katika miili ya watu. Hili nalo si kweli. Imeitwa hivyo kwa kuwa umbo lake ni sawasawa na la ile iliyomo mwilini mwetu, yenye vipande 51 vilivyofungamana. Ile ya nguruwe yahitilafiana nayo kwa kipande kimoja, na ya ng'ombe kwa vipande vitatu.

Fasili ya pili: katika hukumu yake.

Ikiwa hali ni hiyo, dawa hii asili yake si kongosho la nguruwe, na hoja ya mvumi imeanguka. Na mwenye shaka juu ya kitu kilichotumiwa katika kuisafisha, na aulize dawa ile kwa jina lake na kwa wenye kuifanya. Asiihukumu kwa khabari ya jumla.

Na hata tukikadiria kwamba mgonjwa hakupata ila ile ya zamani iliyotoka katika nguruwe, maimamu wa madhehebu yetu hawakumwacha afe. Imam Nawawi ameeleza ya kuwa kujitibu kwa najisi isiyolevya kwajuzu, pakikosekana kilicho tohara cha kusimama mahali pake, na mgonjwa akalijua hilo kwa elimu yake ya tiba au kwa neno la tabibu Mwislamu mwadilifu. Itazameni sharti hiyo. Hukumu imefungwa na neno la mwenye kujua tiba, wala faqihi haitoi peke yake. Mimi niliushika upande mmoja wa masuala nikauacha wa pili.

Ama habasoda, hadithi ya kuisifu ni sahihi, nasi twaiamini. Lakini katika wanazuoni walioisherehesha wamo waliosema kwamba ujumla wa neno lile wakusudiwa maradhi mahususi. Wala hadithi ile haina amri ya kuacha dawa nyingine. Na elimu ya tiba haiidharau miti. Metformini, ambayo wengi katika nyinyi mwaimeza, imetokana na ujuzi wa mmea wa Ulaya uitwao galega, uliokuwa dawa ya watu wa kale. Lakini haikupewa wagonjwa wa sukari, mwaka 1957 huko Ufaransa, ila baada ya kuundwa iliyo salama zaidi ya ile ya mmea, ikapimwa kiasi chake, ikajaribiwa.

Na hapa ndipo penye kosa la wengi. Sukari ina namna zake. Mtu mzima ambaye kongosho lake lingali likifanya kazi huenda akanywa majani, akapunguza na wali na halua, akaona nafuu, akasimulia kweli yake. Lakini kweli yake yeye ni mauti ya mtoto ambaye kongosho lake halitoi kitu.

Fasili ya tatu: katika njia ya kuhakikisha.

Mwenyezi Mungu katika Sura ya Hujurat, aya ya 6, ametuamrisha tuhakikishe khabari ya fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Na umma huu ndio uliojenga elimu ya isnadi. Hatukubali hadithi ila tumjue aliyeisema, na aliyeipokea, na kama walikutana. Ni ajabu iliyoje kwetu kukubali khabari ya dawa isiyo na msemaji!

Basi ikikufikia khabari ya dawa au ya chakula, iulize masuali manne. La kwanza, nani aliyeisema, na je, ana jina na elimu ya jambo hilo? La pili, aliliona mwenyewe au alisikia? La tatu, je, wengine wamelijaribu wakaona alivyoona? La nne, je, anauza kitu?

Na mtu mmoja aliyepona si hoja, kwani wako waponao bila dawa. Tabibu Abu Bakr ar-Razi, aliyefariki katika karne ya 10 ya Miladi, ameandika kwamba aliwatoa damu baadhi ya wagonjwa wa homa ya kichwa, na wengine akawaacha makusudi, apate kulinganisha. Matabibu wa leo hulinganisha namna hiyo, makundi kwa makundi.

Sisemi kwamba matabibu hawakosei. Thalidomaidi iliuzwa Ujerumani mwaka 1957 kuwa dawa ya usingizi, na ikaondolewa mwaka 1961 baada ya watoto wengi kuzaliwa na viungo pungufu. Lakini waliolifichua jambo hilo ni matabibu waliotaja majina yao na kuhesabu wagonjwa wao. Mvumi hana jina, wala hana siku ya kurudi kusema, "Nilikosea."

Wala asiseme mtu, "Nimeipeleka kwa nia njema." Wako waliotunga hadithi za fadhila za sura wakidai kuwavuta watu kwenye Qurani, na wanazuoni wakawaita waongo, wala nia yao haikuwafaa.

KHATIMA

Basi nikamwambia baba yule, "Ndugu yangu, wewe ulimwuliza uliyemwamini. Kosa ni la aliyejibu asichokijua, naye ni mimi. Mdunge mwanao kama alivyoamuru tabibu, wala huna dhambi." Na kwa karatasi hii nairudi jawabu yangu ya kwanza. Asiitumie mtu.

Na nyinyi wenzangu wenye vyuo na misikiti, mkiulizwa juu ya dawa msijibu mlangoni. Semeni, "Ningoje." Kisha mwende kwa tabibu mumwulize. Na mgonjwa asiiache dawa yake katika siku za kungoja.

Mtoto amerudi chuoni, na jana amenisomea Suratul Mulk. Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyasema bila ya elimu, na awaponye wagonjwa wetu. Amin.

Wallahu aalam.