Dawa Bilaurini: Polisemia Mezani pa Burat

Makala haya yanachunguza jinsi neno dawa linavyotumiwa kutaja vinywaji vinavyochanganywa nyumbani. Maana ya msingi ya neno hili, lenye asili ya Kiarabu, ni kitu cha kutibu maradhi. Hata hivyo, Kiswahili kimelipanua: kuna dawa ya meno, dawa ya viatu na dawa ya mbu, na wahenga walinena kuwa dawa ya deni ni kulipa. Katika mifano hiyo yote, kinachotajwa ni kazi ya kitu wala si viambato vyake.

Upanuzi huo ndio ulioifikisha dawa bilaurini. Nchini Kenya, dawa ni kinywaji moto cha tangawizi, maji ya limau na asali, kipendwacho hasa wakati wa mafua. Aidha, ni kokteli iliyopata umaarufu katika mkahawa wa Carnivore, Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1980. Hii huundwa kwa vodka, ndimu, sukari na barafu, kisha hukorogwa kwa kijiti kilichopakwa asali. Inashabihiana na caipirinha ya Brazili, ambayo kileo chake hutokana na miwa.

Ichukuliwe mfano familia ya Burat, wadi ya Kaunti ya Isiolo, inayojaribu kinywaji kipya kila Jumamosi. Isiolo ni makazi ya Waborana, Waturkana, Wameru, Wasomali na Wasamburu. Waislamu na Wakristo ni majirani, na Kiswahili huwakutanisha. Mwenyeji akisema, “Karibu dawa,” mgeni ataitikia akitarajia tangawizi. Iwapo joto limefanya hata dawa ya tangawizi itiwe barafu, jicho halitamsaidia, kwani vodka haina rangi. Kwa Mwislamu asiyekunywa pombe, utata huo si wa kileksika tu. Unagusa imani yake.

Aghalabu hudaiwa kwamba muktadha huondoa utata wa polisemia. Mfano huu unadhihirisha udhaifu wa dai hilo: meza ni ileile, wazungumzaji ni walewale, na maana zingali mbili. Suluhisho limo katika sarufi yenyewe. Kama a-unganifu inavyotenga dawa ya meno na dawa ya viatu, ndivyo itakavyotenga dawa ya tangawizi na dawa ya vodka. Kwa hivyo, anayechanganya vinywaji hana budi kuchanganua maneno kwanza.

Zoezi: Taja maneno mengine mawili ya mapishi yenye polisemia, na ueleze jinsi a-unganifu inavyoyabainisha.