Kalsiamu yangu iko juu, mtoto atapona?

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mimba ya miezi mitano, kalsiamu kwenye damu imepanda, na umeambiwa huenda ukapasuliwa shingo. Nimeganda pale uliposema baba yako alipasuliwa kwa sababu hiyohiyo na kalsiamu yake haikushuka. Mweleze daktari hilo kabla ya yote.

Ipo hali ya kurithi ambapo figo huing'ang'ania kalsiamu badala ya kuiachia itoke na mkojo. Kinasaba chake kilibainika mwaka 1993. Figo, pamoja na tezi nne za shingoni zilizo kama punje za mchele, hudhani kalsiamu ni pungufu ilhali imejaa. Ndiyo maana kukata tezi hakusaidii, na wengi huzeeka nayo bila kuugua. Ila ujauzito wenyewe huongeza kalsiamu kwenye mkojo, hivyo kipimo chako cha mkojo kinaweza kupotosha. Baba yako apimwe pia. Tena usichelewe: ikiwa tatizo ni jingine, upasuaji wa tezi hufaa zaidi miezi hii ya kati.

Kama ni ya kurithi, mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuipata, na asiyerithi ndiye wa kuangaliwa zaidi. Tumboni amezoea kalsiamu yako nyingi, tezi zake zimelala. Akishazaliwa, yake inaweza kushuka: akatetemeka, akashindwa kunyonya, hata akashikwa na degedege, pengine mkiwa mmesharudi nyumbani. Hutibiwa kwa kupewa kalsiamu hospitalini. Nakuomba sana, asitokee mtu wa kusema ni mashetani mkampeleka kwa mganga.

Vidonge vya kalsiamu wanavyopewa wajawazito kuzuia kifafa cha mimba vinawafaa wenzako; wewe usivimeze mpaka daktari aseme. Vya damu endelea navyo. Kiungulia kikikusumbua, uliza kwanza, kwani dawa nyingi za kutafuna zina kalsiamu. Kunywa maji. Ukianza kutapika mfululizo, kuwa na kiu isiyokatika au kuchanganyikiwa, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mwombe daktari aandike kwenye kadi yako ya kliniki: "Mama ana kalsiamu nyingi, mtoto apimwe kalsiamu baada ya kuzaliwa." Mumeo naye ayajue maneno hayo kwa moyo. Uchungu ukikushika usiku, yeye ndiye atakayezungumza na mkunga.