SOMO: CHUMA KISICHOONEKANA KATIKA MAWESE



Mawese ya Ujiji na ya vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika yaweza kuwa na harufu njema siku ya kuuzwa, kisha yakachacha kabla ya kumfikia mlaji. Sababu mojawapo ni chembe za chuma au shaba zitokazo katika mapipa yenye kutu na vyombo vya kukamulia. Chembe hizo huharakisha kazi ya hewa ya kuyaharibu mafuta.

Kiwango. Kanuni za kimataifa za vyakula, yaani Codex, zaweka kikomo cha miligramu 5 za chuma na miligramu 0.4 za shaba kwa kila kilo ya mafuta yasiyosafishwa kiwandani. Pipa la lita 200 huchukua mawese yapatayo kilo 180. Kwa hiyo miligramu 900 za chuma, ambazo hazitimizi hata gramu moja, zatosha kulifikisha pipa zima kwenye kikomo.

Jinsi ya kupima. Ukitupa chumvi ya Uvinza motoni, mwali hugeuka manjano. Kila aina ya madini ina mwanga wake. Maabara hufuata kanuni hiyo. Mafuta huvunjwavunjwa kwa asidi kali yenye joto mpaka yawe maji maangavu. Maji hayo hupulizwa kama ukungu ndani ya plazma, yaani gesi ya agoni iliyopashwa kwa mawimbi ya redio hadi nyuzi 6,000 na zaidi. Mashine huuchambua mwanga utokao, na kuulinganisha na ule wa maji yenye kiasi cha madini kinachojulikana. Hivyo chuma na shaba hupimwa kwa pamoja.

Wajibu wa chama. Mashine haiwezi kurekebisha sampuli mbovu. Kwa hiyo:

1. Koroga pipa kwa mti safi na mkavu, kisha teka juu, katikati na chini.
2. Tumia chupa safi ya kioo yenye kifuniko cha plastiki.
3. Andika namba ya pipa na tarehe. Jaza chupa mbili, moja ibaki chamani.
4. Pipa lenye kutu lisipokee mawese ya wanachama.

Maswali ya kujadiliana

1. Pipa moja bovu likichanganywa na mazuri tisa, nani hubeba hasara?
2. Chama chetu kina mapipa mangapi yenye kutu leo?