Siko seli haina ukoo mmoja

SWALI: Daktari, mimi ni Msoga, mzaliwa wa Jinja, na mume wangu ni Mgisu wa Mbale. Mtoto wetu wa kwanza, mvulana, ana miezi tisa. Mwezi uliopita alivimba vidole vya mikono na miguu, akawa analia kila nikimgusa. Nilimpeleka hospitali ya watoto ya Nalufenya, wakampima damu, wakasema ana siko seli, aina ya SS. Mimi na baba yake ni wazima, hatujawahi hata kuongezewa damu. Mama mkwe anasema ugonjwa huo haumo katika ukoo wao, kwa hiyo ama nimeuleta kutoka Busoga au mtoto si wa mwanawe. Nesi aliniambia ni jeni iliyobadilika. Ni nani aliyeibadilisha? Na sasa nina mimba ya miezi minne. Huyu wa tumboni atakuwaje? — Mama Mtoto, Jinja

JIBU: Dada yangu, pole kwa kuuguza, na pole zaidi kwa maneno unayoambiwa ukiwa na mtoto mgonjwa mgongoni na mwingine tumboni. Nitaanza na neno la mama mkwe, maana likiachwa litavunja nyumba kabla ya mtoto kupata matibabu.

Mtoto mwenye SS amerithi jeni mbili za siko seli, moja kwa mama na moja kwa baba. Jeni moja peke yake haimfanyi mtu kuwa mgonjwa. Mwenye moja huandikwa AS kwenye karatasi ya majibu. Analima, anazaa, anacheza mpira, anazeeka, na huenda akazikwa bila yeyote kujua kwamba alikuwa nayo. Hivyo ndivyo ulivyo wewe, na kwa kila dalili ndivyo alivyo mumeo. Naye hakuiokota njiani. Alipewa na mmoja wa wazazi wake, kwa hiyo ama baba mkwe anayo, ama mama mkwe mwenyewe. Sikuambii hivyo ili ukamjibu kwa ukali. Nataka mumeo alisikie na alieleze yeye kwa mama yake, kwa heshima, kwa kuwa kutoka kwako litasikika kama tusi.

Ukoo ukisema "haumo kwetu", mara nyingi maana yake ni kwamba hakuna aliyewahi kupimwa. Zamani watoto wengi wa SS walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano, na vifo vyao vikahesabiwa kuwa vya malaria, vya upungufu wa damu, au vya kurogwa. Watafiti waliopima watoto wa Mbale na Sironko, wakachapisha matokeo yao mwaka 2010, walikuta asilimia 17.5 wana AS. Hiyo ni zaidi ya mtoto mmoja kwa kila sita, huko huko kwa mama mkwe. Kati ya Februari 2014 na Machi 2015 Uganda ilipima sampuli 97,631 za damu ya watoto wachanga kutoka nchi nzima, ikakuta asilimia 13.3 wana AS na asilimia 0.7 wana ugonjwa wenyewe. Busoga ilikuwa miongoni mwa sehemu zenye viwango vya juu. Msoga na Mgisu wakioana, hakuna mwenye haki ya kumnyooshea mwenzake kidole.

Mwombe mumeo apimwe, lakini apimwe vizuri. Baadhi ya vipimo vya haraka vinaonyesha tu kwamba himoglobini S, ile ya siko seli, ipo, havitofautishi AS na SS. Kinachotakiwa ni kipimo cha elektroforesisi, kinachotenganisha aina za himoglobini. Ikitokea majibu yake yakasoma AA, yaani hana jeni hata moja ya siko seli, msitoe hukumu nyumbani. Yapo mambo ya kuangalia kwanza: sampuli kuchanganywa, au mzazi kubeba jeni ya talasemia, ambayo ikikutana na ya siko seli humpa mtoto majibu yanayofanana na SS. Rudini kwa daktari mkiwa pamoja. Nimeona ndoa nyingi zikiyumba kwa sababu ya karatasi iliyosomwa na jirani.

Sasa swali lako la pili, ambalo nimelipenda: ni nani aliyeibadilisha?

Jeni ni maelekezo ambayo mwili unayafuata kujijenga, na yameandikwa kwa herufi nne tu za kikemia. Kila seli inapogawanyika, maelekezo yote hunakiliwa upya, na mara mojamoja herufi hukosewa. Makosa mengi hayana athari yoyote. Mimi ninayo, nawe unayo. Mengine hubadilisha umbile au tabia ya mwili bila kuleta maradhi. Mwaka 2007 watafiti walionyesha kwamba wafugaji wengi wa Kenya na Tanzania wana badiliko la jeni linalowawezesha kuyeyusha sukari ya maziwa hata wakiwa watu wazima, jambo ambalo miili ya binadamu wengi huacha kulifanya baada ya utoto. Na machache huleta ugonjwa.

La siko seli ni badiliko la herufi moja, kwenye kromosomu ya 11, katika jeni inayotengeneza himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba hewa ya oksijeni. Kwa herufi hiyo moja, kiungo cha sita katika mnyororo wa protini hiyo kinakuwa kingine. Vernon Ingram aligundua hilo Cambridge mwaka 1956, na ndiyo mara ya kwanza dunia kuona wazi jinsi kosa dogo la jeni linavyozaa ugonjwa mkubwa. Himoglobini hiyo ikikosa oksijeni hushikamana na kuwa nyuzi ngumu, na seli nyekundu iliyokuwa laini na ya mviringo inajipinda kama mundu. Seli zilizopinda hukwama kwenye mishipa midogo, na pale zilipokwama nyama na mfupa hukosa damu. Vidole vya mwanao vilivimba kwa sababu hiyo. Seli hizo pia hufa mapema. Seli ya kawaida huishi miezi minne hivi, hii huishi wiki mbili au tatu, na mtoto anapungukiwa damu.

Badiliko hilo halikutokea kwako wala kwa mumeo. Lina maelfu ya miaka. Limebaki kati yetu kwa sababu lilitulinda. Anthony Allison, daktari aliyekulia Gilgil nchini Kenya, alipima damu mwaka 1949 akaona kwamba pwani na kando ya Ziwa Viktoria, penye malaria kali, zaidi ya mtu mmoja kwa kila watano alikuwa na jeni hiyo, huku nyanda za juu ikiwa karibu haipo. Baadaye akachunguza watoto wa Kiganda karibu na Kampala, na mwaka 1954 akatangaza kwamba wenye jeni moja wanakingwa na malaria. Utafiti mwingi uliofuata umemthibitisha: mtoto mwenye AS ana kinga ya takriban asilimia 90 dhidi ya malaria kali. Bibi zetu na babu zetu wa kando ya Nile na chini ya Mlima Elgon waliishi hadi kutuzaa, wengine wao, kwa sababu ya jeni hii. Mama mkwe anastahili kuisikia habari hiyo, kwa kuwa anadhani ameambiwa kwamba ukoo wake una doa.

Lakini kinga hiyo ni ya mwenye AS. Kwa mwanao mwenye SS, malaria ni adui mbaya kuliko kwa mtoto mwingine yeyote. Alale ndani ya chandarua kila usiku, na kliniki impe dawa ya kuzuia malaria bila kukatiza.

Huenda mmejiuliza kwa nini alizaliwa mnene na mwenye afya, kisha akaanza kuugua. Hakurogwa. Mtoto huzaliwa na himoglobini ya tumboni, ambayo badiliko hili haliigusi. Kadiri miezi inavyopita, mwili huibadilisha kwa himoglobini ya ukubwani, na hapo ndipo dalili hujitokeza.

Dawa iliyo muhimu kuliko zote nitakazozitaja hapa inatumia siri hiyo hiyo. Haidroksiyurea huufanya mwili urudi kutengeneza himoglobini ya tumboni. Kwa miaka mingi Waafrika waliambiwa wasubiri, eti huenda dawa hiyo ikazidisha malaria kwetu. Jibu limetoka kwetu wenyewe. Utafiti uitwao REACH ulifanyika Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale, ukawapa dawa watoto 606 wa umri wa mwaka mmoja hadi kumi, na matokeo yakatangazwa Desemba 2018. Maumivu makali yalipungua kwa zaidi ya nusu. Malaria nayo ilipungua kwa nusu. Kuongezewa damu kulishuka hadi theluthi moja ya awali, na vifo vilishuka kutoka 3.6 hadi 1.1 kwa kila watoto 100 kwa mwaka. Watoto wa Mbale ni miongoni mwa waliouonyesha ulimwengu hayo, na inaniuma kwamba wapo wazazi umbali mfupi kutoka hapo ambao hawajawahi kulisikia jina la dawa hiyo. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2014 unashauri watoto wa SS waanze kupewa nafasi ya kuitumia tangu miezi tisa, umri alionao mwanao. Uliza kliniki ya siko seli ya hospitali ya rufaa ya Jinja lini ataanza. Usiinunue dukani ukampa mwenyewe, maana lazima damu ipimwe mara kwa mara ili kipimo cha dawa kirekebishwe.

Kuna mama wanaotumia pesa nyingi kwa vidonge vya zinki. Hapo Jinja watoto karibu 250 wenye siko seli walifanyiwa utafiti wa zinki, na haikupunguza maambukizi makali. Pesa hiyo inunue nauli ya kliniki.

Penisilini ya kila siku hadi atimize miaka mitano usiikose, wala chanjo zote, hasa ya nimonia, kwa sababu wengu wake haupigani na vijidudu inavyopaswa. Na huo wengu ujifunze kuupapasa. Mlaze chali akiwa ametulia, weka ncha za vidole chini ya mbavu za kushoto, bonyeza taratibu anapovuta pumzi. Mwombe nesi akuonyeshe mara ya kwanza. Ukikuta uvimbe uliokua ghafla, na viganja na midomo vimepauka, hiyo ni safari ya hospitali usiku huo huo, kwa kuwa damu inajikusanya kwenye wengu na mtoto anaweza kufa kwa saa chache. Homa nayo ni hivyo hivyo. Usimpe panadol ukasubiri asubuhi. Mnyweshe maji mara kwa mara, mkinge na baridi, na atakapokua asiogelee kwenye maji baridi ya mto.

Kwa kuwa baba yake ni Mgisu, lipo jambo ambalo ukoo utaliuliza siku moja. Jando la imbalu huja kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, na kijana hucheza na kukimbia juani siku kadhaa, akilala kidogo, kabla ya kisu. Uchovu, kiu, baridi ya alfajiri na kupoteza damu, kila kimoja peke yake kinaweza kuanzisha maumivu makali kwa mwenye SS. Kijana wenu atatahiriwa hospitalini, baada ya madaktari kuandaa damu yake. Mumeo aanze kuzungumza na wajomba na baba zake wadogo tangu sasa. Wazee wakielezwa mapema huwa na hekima kuliko tunavyowadhania, lakini wakishtukizwa siku ya ngoma hawasikii.

Na huyu wa tumboni. Kama nyote wawili mna AS, kila mimba huanza upya, kama sarafu inayorushwa: haikumbuki ilivyoanguka mara ya kwanza. Uwezekano wa SS ni mmoja kwa nne, wa AS ni mbili kwa nne, wa AA ni mmoja kwa nne. Watu husema, "Mmoja ameshaugua, watatu wanaofuata watakuwa salama." Si kweli. Mnaweza kupata wazima wote, au mgonjwa mwingine. Si wewe wala mumeo anayechagua, na hakuna chakula, dawa ya mitishamba wala maombi ya kulipia yatakayobadilisha jeni alizokwisha kupokea siku mimba ilipotungwa. Huko Uingereza na Marekani tangu mwisho wa 2023 imeidhinishwa tiba inayohariri jeni kwenye uboho, lakini gharama yake ni zaidi ya dola milioni mbili kwa mgonjwa mmoja, na hata wao wanaipata wachache.

Unachoweza kukifanya ni hiki. Mwambie mkunga wa kliniki ya wajawazito, sasa hivi, kwamba mtoto wako wa kwanza ni SS, na aandike kwenye kadi yako. Jifungulie hospitali. Mtoto akizaliwa, omba achomwe kisigino na matone ya damu yawekwe kwenye karatasi maalumu ya kupimwa siko seli, kisha yafuatilie majibu mwenyewe, usingoje kupigiwa simu. Yahitaji kuwa mkononi mwako kabla mtoto hajatimiza miezi miwili, kwa sababu akiwa SS, huo ndio umri wa kuanza penisilini.